Namna ya Kuwakinga Samoni na Trauti wa Asili dhidi ya Chawa wa Mashamba ya Samaki

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa vizimba vya kufugia samoni katika fiodi za Norwei, zile ghuba ndefu na nyembamba zinazoingia bara katikati ya milima, na pia kwa mkazi wa kando ya mto anayetaka kujua adai nini kwa shamba lililo jirani naye. Trauti waliopandikizwa katika mito ya Aberdare nchini Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 hawamo katika habari hii, kwa kuwa chawa wa samoni, Lepeophtheirus salmonis, mnyama mdogo wa jamii ya kamba na kaa, huhitaji maji ya chumvi ili azaliane.

Anza na hesabu ya jumla ya chawa. Kanuni za Norwei hupima wastani: chawa jike mpevu wasizidi 0.5 kwa kila samaki wa kufugwa, na wakati samoni wachanga wanaposhuka kutoka mitoni wasizidi 0.2, yaani kuanzia juma la 16 hadi la 21 la mwaka kusini, na juma la 21 hadi la 26 kaskazini. Wastani huo unaonekana mdogo mpaka uuzidishe. Kizimba kimoja kinaruhusiwa kuwa na samaki 200,000, hivyo kwa wastani wa 0.2 kizimba hicho kina majike 40,000, na kila jike huburuta nyuzi mbili zenye mamia ya mayai. Samoni mchanga anayepita njiani kuelekea baharini hukutana na jumla hiyo, naye akiwa na uzito wa gramu 20 tu, chawa kumi hivi wanaweza kumuua. Kwa hiyo kila juma andika jumla ya majike wa shamba zima kando ya wastani, na utumie jumla hiyo unapoamua wakati wa kutibu.

Kuhesabu kwenyewe ndiko kunakoharibika kwa urahisi zaidi. Maji yakiwa na nyuzi joto 4 au zaidi, hesabu hufanywa kila juma. Yakiwa baridi kuliko hapo, kila majuma mawili. Usichote kwa wavu wa mkono samaki wanaozubaa karibu na uso wa maji, kwa sababu mara nyingi hao ni wanyonge na hawawakilishi wenzao. Wavute kundi kwa chakula, ulizingire kwa wavu mpana, kisha uchukue samaki bila kuchagua. Waleweshe kwa dawa ya usingizi katika beseni, hesabu majike wapevu, wale wanaotembea na wale wadogo walioganda kwenye ngozi kila kundi peke yake, halafu hesabu pia chawa walioanguka ndani ya beseni, ambao wengi huwasahau. Usimchanganye chawa wa samoni na Caligus elongatus, chawa mwingine aliye mdogo zaidi na mwenye mwili wa kupenyeza nuru, anayeshambulia samaki wa aina nyingi.

Katika maji ya nyuzi joto 10, lava, yaani chawa mchanga aliyetoka yaini, huchukua takriban siku nne kufikia hatua ya kuweza kumng'ang'ania samaki, na katika muda huo mkondo unaweza kumpeleka kilomita nyingi. Ndiyo sababu shamba safi lililozungukwa na majirani wazembe halimwokoi samaki yeyote. Kubalianeni na mashamba ya mkondo mmoja kupanda vifaranga kwa wakati mmoja, kuvuna kwa wakati mmoja na kuacha vizimba vitupu pamoja, tena kabla ya samoni wachanga kushuka.

Lava wengi hukaa karibu na uso wa maji, hivyo pazia la turubai lenye kina cha mita 5 hadi 10 kuzunguka kizimba huwapunguza, mradi oksijeni ya ndani ipimwe daima. Samaki wasafishaji, wanaokula chawa, husaidia, lakini hufa kwa wingi vizimbani. Asiyeweza kuwatunza asiwanunue.

Tiba ifanywe mapema, kabla nyuzi za mayai hazijaonekana kwa wingi. Emamektini, dawa ya kuua chawa, imetumika mno hata chawa wa sehemu nyingi wameizoea, kwa hiyo pima usugu kwanza na usirudie dawa ileile. Kumwogesha samaki kwa maji baridi yasiyo na chumvi ni nafuu kwake kuliko kumwogesha kwa maji ya nyuzi joto 28 hadi 34, ambayo humfanya ahangaike kwa maumivu. Kwa njia yoyote ile, chawa waliong'oka wachujwe na kuteketezwa, wasirudishwe baharini.

Mkazi wa kando ya mto amwangalie hasa trauti wa baharini. Samoni hupita fiodi na kwenda zake, ilhali trauti hubaki pwani majira yote ya kiangazi na kuambukizwa upya kila siku. Ukiwaona mapema mdomoni mwa mto, wakiwa wamekonda, pezi la mgongoni limeliwa na ngozi ina madoa meupe, wamekimbilia maji yasiyo na chumvi ili kuwaangusha chawa. Usiwashike. Piga picha, andika tarehe na mahali, linganisha na takwimu za chawa za mashamba, ambazo nchini Norwei huchapishwa hadharani kila juma, kisha uipelekee taarifa hiyo Mattilsynet, mamlaka ya usalama wa chakula, wakati msimu ungali unaendelea.