Jinsi ya kujenga sitiari itakayobeba dhamira ya hadithi yako

Mwongozo huu ni wa mwandishi ambaye tayari ana hadithi mkononi na anajua anachotaka kusema, lakini kila akikiandika kinageuka hotuba. Tofauti ya tashbihi na sitiari siielezi hapa. Imo katika kila kitabu cha fasihi cha skuli. Kigumu ni kuijenga sitiari moja ikaweza kubeba hadithi nzima bila kuzama.

Nitatumia maneno mawili, chombo na shehena. Chombo ni kile kitu kinachoonekana katika hadithi: mti, kisima, jahazi, kazi ya mikono. Shehena ni dhamira iliyopakiwa ndani yake.

Hatua ya 1: Iandike dhamira kwa sentensi nzima

"Umasikini", "rushwa", "ndoa za mapema": hizo ni mada. Dhamira ni kauli ambayo mtu mwingine anaweza kuikataa. Mfano nitakaokwenda nao hadi mwisho ni huu: *Kuna nyumba ambamo binti huwa na thamani kabla hajafunguka, akishajua anachotaka, watu husema ameharibika.* Iandike juu ya ukurasa. Sentensi hiyo isionekane tena popote ndani ya hadithi.

Hatua ya 2: Tafuta chombo katika kazi ya mhusika

Usianze kwa kujiuliza "dhamira hii inafanana na nini?" Swali hilo huleta vitu vilivyokwisha kuchakaa: giza na mwanga, waridi na mwiba, bahari ya mapenzi. Jiulize mikono ya mhusika wako inashika nini kutwa. Mwanamke wa Paje, Unguja, anayelima mwani anajua kamba, vigingi, bamvua na maji mafu. Fundi wa ngalawa anajua mrengu na tanga. Familia ya shamba kule Pemba inajua karafuu, na binti wa dhamira yetu ni wa nyumba kama hiyo, kwa hiyo chombo chetu ni karafuu.

Sasa chukua daftari na penseli. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu unahitaji kuiona orodha yote kwa mara moja na kuchora mistari kutoka upande hadi upande. Gawa ukurasa safu mbili. Kushoto andika mambo yasiyopungua 20 yaliyo ya kweli kuhusu chombo, bila kufikiria maana kabisa. Saba ya mwanzo yatakuwa yale yanayojulikana na kila mtu: inanukia, inauzwa, inapandwa Pemba. Usiishie hapo. Mambo yenye faida huanza kwenye la kumi hivi, na mara nyingi utalazimika kumuuliza mtu anayeifanya kazi yenyewe. Kwa karafuu, orodha ikifika mbali huwa na mambo haya:

Karafuu ni tumba, yaani ua lisilofunguka bado, na huchumwa kabla halijachanua, linapoanza kuiva wekundu. Likichanua, thamani yake huanguka. Mchumaji huvunja shada zima, kisha nyumbani karafuu huchambuliwa na kutengwa na makonyo, vile vijiti vya shada. Huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Zikilundikwa mbichi au zikinyeshewa huvunda, hupauka na kunyauka. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Iliyokauka vizuri huvunjika kwa mlio mdogo ukiipinda kwa vidole. Na tumba lisilochumwa, likachanua, likaachwa mtini, hufanya tunda lenye mbegu, na mbegu hiyo ndiyo inayooteshwa mche mpya.

Hilo la mwisho litie mstari chini. Tutalirudia.

Ipo njia ya pili ya kupata chombo, nayo ni kuiamsha sitiari iliyolala ndani ya lugha yenyewe. Tunasema mtu "amekula fedha za mradi" bila kuona mdomo wala meno. Tunasema "dunia mti mkavu" bila kuona mti. Ukimweka mhusika ale kwelikweli, sahani baada ya sahani, mbele ya watu wanaosubiri malipo yao, neno "kula" litazinduka bila wewe kulisema. Njia hii inafaa zaidi hadithi fupi sana, maana sitiari iliyoamshwa haichelewi kulala tena.

Hatua ya 3: Kipime chombo kabla ya kupakia

Hapa ndipo hadithi nyingi huharibika, na uharibifu hauonekani mpaka umeshaandika kurasa kumi. Usiipite haraka. Rudi kwenye daftari, jaza safu ya kulia: kila jambo la karafuu, andika linalolingana nalo katika maisha ya binti. Mengine yatalingana kwa urahisi: kuchumwa kabla ya kuchanua, kutengwa na konyo lake, kuanikwa mbele za watu, kupimwa. Mengine yatakataa kulingana. Mwandishi mchanga huyafuta yanayokataa. Usiyafute, kwa sababu ndiyo yatakayokuonyesha mambo manne yafuatayo.

La kwanza, chombo kinaweza kusema jambo usiloliamini. Tumba halina hiari. Halikatai kuchumwa. Ukiifuata sitiari kwa uaminifu mpaka mwisho, binti naye atakuwa kitu kisicho na hiari, na hadithi uliyoiandika kumtetea itakuwa imemfanya bidhaa kwa mara ya pili. Nimeliona kosa hili katika hadithi zenye nia njema kabisa. Dawa yake ni kumtoa mhusika ndani ya chombo na kumpa kazi juu yake: binti asiwe karafuu tu, awe ndiye anayekwea mti na kuchuma. Mkono wake ukiwa juu ya tawi, kila anachokitenda kwa tumba kitakuwa ni uamuzi.

La pili, pale chombo kinapokataa huenda ndipo dhamira ilipo kubwa kuliko ulivyodhani. Angalia jambo ulilolitia mstari. Kwa mnunuzi, tumba lililochanua ni hasara. Kwa shamba, bila tumba lililoachwa hadi likazaa tunda hakuna mche wa kesho. Dhamira yetu ya mwanzo ilikuwa malalamiko tu: binti huonekana ameharibika. Chombo kimeipanua: kile kinachoitwa uharibifu ndicho shamba linachokihitaji ili liendelee kuwepo. Hilo halikuwamo katika sentensi ya kwanza, na mwandishi asingelipata kwa kukaa kufikiri. Limetoka kwenye mti. Likitokea, rudi hatua ya 1 uiandike dhamira upya.

La tatu, chombo kina shehena yake ya zamani. Karafuu za visiwa hivi vya Zanzibar zilienea katika karne ya 19 kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo nyumba ya zao hili. Msomaji wa hapa anayajua hayo, anajua pia bei, mnunuzi na magendo, na atayaleta yote ndani ya hadithi yako utake usitake. Huna haja ya kuyataja. Lakini lazima uamue kama yanaisukuma dhamira yako au yanaivuta kwingine. Kwa mfano wetu yanasukuma, kwa sababu yote yanahusu nani anamiliki tunda la jasho la nani. Kama dhamira yako ni mapenzi matamu, karafuu ni nzito mno, tafuta asumini.

La nne linatuhusu sisi hasa. Msomaji wa Zanzibar amelelewa na mafumbo: jina la kanga, ubeti wa taarabu, neno la barazani. Fumbo lina anwani moja, yaani linatupwa kwa fulani, na watu hukaa kumtafuta huyo fulani ni nani. Sitiari ya dhamira haina anwani. Ukiacha alama zinazomwelekea mtu mmoja, jina la mtaa, rangi ya gari, kilema cha mguu, msomaji ataigeuza hadithi yako fumbo, atamtafuta mwenyewe, akishampata ataridhika na dhamira itabaki pale pale haijaguswa. Ondoa alama hizo zote. Wanasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hadithi inayoganguliwa mara moja ikaisha haikuwa na kina.

Onyo dogo la ziada: shehena moja, chombo kimoja. Ukishaingia shambani usimpeleke binti baharini kwa sentensi moja nzuri ya mawimbi. Ikate hata kama unaipenda.

Hatua ya 4: Kionyeshe chombo mara tatu

Kwa hadithi ya maneno 2,000, mara tatu zinatosha. Mara ya kwanza ndani ya maneno 300 ya mwanzo, kama kazi tu, bila harufu ya maana. Mara ya pili katikati, kukiwa na jambo dogo lililobadilika. Mara ya tatu karibu na mwisho, chombo kikifanya kitu ambacho msomaji hakukitegemea ingawa alishaambiwa kinawezekana. Katika mfano wetu, bibi wa binti ndiye anayetajwa mapema akizuia tawi moja lisichumwe, "la miche", na msomaji anapita bila kujali.

Usilitie neno "karafuu" kwenye kichwa cha hadithi.

Hatua ya 5: Futa maelezo

Tafuta "kama", "mithili ya", "ni sawa na", kisha tafuta sentensi zote zinazoanza na "kwani" na "kwa sababu". Humo ndimo mwandishi anapojieleza. Tazama rasimu hii:

*Asha alikuwa kama karafuu. Baba yake alitaka kumvuna kabla hajachanua, kwani katika jamii yetu thamani ya binti hupotea akishajitambua.*

Hakuna kosa la sarufi, wala hakuna hadithi. Sasa kazi ile ile bila maelezo:

*Asha alilivuta tawi, akavunja shada, akalitia pakachani. Moja ilikuwa imeshafunguka, nyuzi zake nyeupe zimesimama.*

*"Hiyo tupa," baba alisema kutoka chini. "Haina kitu tena hiyo."*

*Asha aliitazama. Kisha akaifunga pindoni mwa kanga, akashika tawi jengine.*

Maneno ya baba yanahusu karafuu tupu, na mkulima yeyote angeyasema. Pindo la kanga ndilo linalobeba yote, kwa kuwa pindoni hufungwa pesa na vitu vya siri vya mwanamke. Usiongeze neno baada ya hapo. Hata "kwa uchungu" ni nyingi.

Hatua ya 6: Msomee mtu kwa sauti

Chagua mtu anayeijua kazi ya chombo chako kuliko anayejua fasihi. Mchumaji karafuu atakusimamisha papo hapo ukimwandika mhusika anayefurahia shamba lililochanua lote, na ana haki, kwani msomaji akikosa imani na mti hataiamini na dhamira.

Ukimaliza usimuulize "umeelewa maana?" Muulize, "Lile tawi la bibi, wewe ungelichuma?" Akikujibu kwa kuzungumzia miche, bei na njaa ya mwaka ule, huku sauti yake imebadilika alipomtaja Asha, acha hadithi ilivyo. Akisema, "Aa, hiyo karafuu si ndiye Asha," kuna sentensi ya maelezo imebaki mahali, na mara nyingi imo katika aya moja kabla ya ile ya mwisho.