Jinsi ya kupanga kazi za taasisi kwenye WhatsApp, Google Drive na mitandao, kwa sisi wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria

Grupu la kazi linafunguka asubuhi na salamu za Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, afu maua, afu mtu anatupia video ya mahubiri, na katikati hapo mhasibu kauliza nani ana risiti za mafuta ya boti za wiki iliyopita, ikifika saa nne swali lake limeshazama huko juu na hakuna aliyejibu. Ukipita saccos, vikundi vya kina mama wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, au zile NGO zenye ofisi Nyamagana na watu wa fildi Ukerewe na Sengerema, utakuta kitu kilekile, grupu moja la WhatsApp ndo ofisi, ndo kabati la mafaili, ndo ubao wa matangazo na ndo kijiwe. Sisemi muiache WhatsApp, hapana, kila mtu anayo na inaenda hata kwa bando dogo. Ninachosema mkubaliane kila kitu kina kwao wapi: maongezi yakae wapi, mafaili wapi, maamuzi wapi, na ya watu wa nje wapi. Mkishakubaliana hilo hata programu za bure zinawatosha.

Anzeni na watu kabla ya programu. Kaeni kikao cha ana kwa ana kama mnaweza, muandike vitu mnavyotumiana kila wiki, ripoti, picha, risiti, ratiba ya gari, vibali, na pembeni ya kila kimoja andikeni nani anakihitaji. Halafu muulizeni mtu wa mbali kuliko wote, yule aliyeko Ukara ambaye netiweki inakuja na kuondoka na simu anachaji kwa sola, anatumia simu gani na laini gani. Chombo mtakachochagua lazima kimfae huyo kwanza, wa mjini atajiweza tu. Taasisi nyingi zinafanya kinyume, kijana wa kompyuta anachagua programu nzuri inayotaka laptopu na intaneti ya kasi, mwezi wa kwanza inatumika, wa pili wanarudi kwenye grupu.

Grupu ligaweni matatu. La kwanza matangazo tu, humo mweke ile setingi ya maadmini pekee ndo wanatuma, basi mtu akifungua anajua kila kilichomo kinamhusu. La pili la kazi, na kama mko wengi kila timu iwe na lake. La tatu ni kijiwe, na hapa naomba viongozi wanielewe, msikifute kijiwe. Mtu wa Kisesa na mtu wa Nansio ambao hawaonani miezi wanafahamiana kupitia zile salamu na utani, na siku kazi ikiwa ngumu watasaidiana kwa sababu wanafahamiana. Kipeni tu nafasi yake. Michango ya msiba au harusi fungueni grupu la muda na mtu mmoja wa kutunza hesabu, likiisha lifungwe.

Kwenye grupu la kazi meseji moja ibebe jambo moja, na iwe na jina la mtu, kitu chenyewe na muda. Badala ya "jamani ripoti vipi", andika "Dada Neema, naomba ripoti ya mafunzo ya Igombe kabla ya Alhamisi saa kumi". Ukijibu, buruta ile meseji unayoijibu ili watu wajue unaongelea nini. Kitu muhimu kibandikeni juu (pin), WhatsApp inaruhusu saa 24, siku 7 au siku 30. Mkitafuta siku ya kikao tumieni kura ya humohumo, msianze "mimi Jumanne naweza" mara arobaini. Voisi ziwe fupi, na chochote chenye hela, tarehe au kilo lazima kiandikwe kwa maandishi hata kama umeshakisema kwa sauti, maana hakuna mtu atasikiliza voisi ishirini akitafuta dagaa walikuwa kilo ngapi. Meseji ukiikosea una dakika 15 za kuihariri, zikipita tuma nyingine yenye marekebisho, usiache watu na takwimu mbili. Na usiku meseji za kazi zisubiri asubuhi, kama ni dharura kweli piga simu.

Sasa maamuzi. Hapa ndipo taasisi zinapoumia. Fungueni dokumenti moja kwenye Google Docs, iiteni Daftari la Maamuzi, iwe na jedwali lenye tarehe, jambo, tulichoamua, nani anafanya na lini linaisha. Kila mkikubaliana kitu, iwe kwenye kikao, kwenye simu au kwenye grupu, mtu mmoja anakihamishia humo siku hiyohiyo. Zungusheni hiyo kazi kila mwezi isimwelemee katibu peke yake. Na bosi awe wa kwanza kulifuata, maana mkurugenzi akibadilisha jambo kwa kumpigia mtu mmoja simu pembeni na halijaandikwa, wengine wote wanaendelea na uamuzi wa zamani afu lawama zinaanza. Kingine kwa mabosi, kwenye grupu mkubwa akishasema tu watu wote ni "sawa mkuu", hata anayeona tatizo ananyamaza kwa heshima. Kama unataka mawazo ya kweli, weka rasimu kwenye dokumenti, waombe watu waandike maoni pembeni ya aya kwa siku mbili tatu, wewe ongea mwisho. Utashangaa dereva anajua nini kuhusu bajeti ya mafuta.

Mafaili yakae Google Drive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Google, kwenye akaunti ya taasisi na sio ya mtu. Akaunti ya bure inatoa GB 15 lakini hizo zinagawanwa na barua pepe na picha, kwa hiyo mkijaza video za semina kuna siku barua za mfadhili zitagoma kuingia. Video nzito ziwekeni kwenye diski ya nje. Majina ya faili yaanze na tarehe, mwaka mbele, mfano 2025-03-14 Ripoti Sengerema, yatajipanga yenyewe, na mwachane na zile "ripoti final mpya ya mwisho 2". Faili likiwa moja kwenye Drive kila mtu anahariri hilohilo, na mtu akiharibu mnarudi kwenye toleo la nyuma kupitia historia yake. Linki za mishahara na taarifa za wanachama msiziache wazi kwa yeyote mwenye linki, wekeni watu kwa majina. Mtu wa fildi kabla hajapanda meli ya Nansio awe ameshaweka faili zake zifunguke bila mtandao, akirudi kwenye netiweki zinajisasisha.

Vikao vya video, Google Meet ya bure inakata baada ya dakika 60 mkiwa watatu au zaidi, Zoom dakika 40, na kwa kweli inatosha kama ajenda imetumwa jana yake. Kama wanachama ni wavuvi wa dagaa, kalenda ya taasisi iangalie mwezi. Usiku wa giza wako majini na taa zao, mchana wamelala, siku za mbalamwezi ndo wanapatikana, kwa hiyo wekeni vikao na mafunzo hapo.

Kwa watu wa nje ukurasa mmoja wa Facebook au Instagram unaojibiwa ni bora kuliko minne iliyokufa. Picha za watoto na wagonjwa msiposti bila ridhaa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023 na inawahusu hata nyie wadogo, taarifa za afya zinahesabiwa nyeti kabisa. Hata kutupa orodha ya wagonjwa wa kliniki kwenye grupu ni kosa, nawasihi sana.

La mwisho, mtu akiondoka kazini. Ukurasa uwe na maadmini wawili au zaidi, namba ya ofisi iwe kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, WhatsApp ya namba hiyo iwe na ile pini ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili na isiunganishwe na vifaa msivyovijua (inaruhusu hadi 4 mbali na simu yenyewe). Siku anakabidhi funguo na laptopu, siku hiyohiyo aondolewe kwenye magrupu ya kazi na Drive, paswedi zibadilishwe, faili alizotengeneza kwa akaunti yake binafsi azihamishe umiliki. Kijiweni mwacheni abaki kama anapenda.