Somo: Kuweka picha ya mechi kwenye kikombe

Wadau, salaam. Kila ikikaribia dabi ya Simba na Yanga napokea ujumbe uleule: "Mkuu, vikombe vya mpira unatengenezaje?" Leo naandika yote, msinifuate tena pembeni.

1. Picha kwanza, mashine baadaye

Wengi hukimbilia picha ya mpira ukiwa wavuni. Ni nzuri kwenye simu, lakini kwenye kikombe mpira unabaki kama punje ya mchele na nyavu zinaonekana kama uchafu. Tafuta nyuso. Machi 24, 2019, Taifa Stars ilipoipiga Uganda 3-0 na kurudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, mimi nisingehangaika na penalti ya Erasto Nyoni. Ningetaka benchi la akiba linaruka, au mzee jukwaani ameshika kichwa kwa mikono miwili haamini. Hiyo ndiyo picha mtu anaitazama kila asubuhi bila kuichoka.

2. Jua jicho linaona nini

Hapa ndipo kazi za watu wengi zinapoharibika. Kikombe cha kawaida cha mililita 325 kinakupa eneo la kuprinti la kama sentimita 20 kwa 9. Lakini kikombe ni duara: ukikishika, unaona vizuri sentimita 8 hivi. Ukiweka kikosi kizima kimejipanga, anayekunywa anaona wachezaji wanne na kiwiko cha wa tano.

Kwa hiyo gawa picha pande mbili. Ukiwa bado unapanga kwenye kompyuta, mwisho wa kulia wa picha ndio utakaomtazama mnywaji anayetumia mkono wa kulia. Mwisho wa kushoto unamtazama aliyekaa mbele yake, yaani mtani. Watani mnajuana, weka matokeo huko kushoto.

Kikombe ninachokipenda kuliko vyote ni cha Oktoba 20, 2013. Upande mmoja: "Mapumziko, Yanga 3 Simba 0". Upande wa pili: "Mwisho, 3-3". Kinanunuliwa na pande zote mbili, kila mtu na upande wake wa kutazama.

3. Ukubwa wa faili

Kwa nukta 300 kwa inchi, sentimita 20 zinataka picha yenye pikseli kama 2,360 kwa upana. Picha iliyopita makundi matatu ya WhatsApp haifiki hapo. Mwambie mwenye picha akutumie kama dokumenti, isibanwe.

4. Geuza kabla ya kuprinti

Picha lazima iprintiwe kinyume, kama kwenye kioo, ili ikihamia kwenye kikombe isomeke sawa. Mwaka 2023, baada ya Yanga kuipiga Simba ile 5-1 ya Novemba 5, nilisahau kugeuza. Vikombe 12 vikatoka na herufi zimegeuka na matokeo yanasomeka 1-5. Mteja alikuwa shabiki wa Yanga. Sitaki kukumbuka.

5. Kupiga joto

Tumia wino na karatasi za sablimesheni, yaani wino unaogeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye koti la kikombe. Zungushia karatasi kwenye kikombe, kaza kwa tepu ya joto, isiteleze hata kidogo. Ikicheza, mfungaji anapata kivuli, utadhani ana pacha. Kisha kiweke kwenye mashine ya kupigia joto vikombe; mimi naweka nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 3. Mashine zinatofautiana, jaribu kikombe kimoja kabla ya kuweka oda nzima. Bandua karatasi kikombe kikiwa bado cha moto, kwa glovu, kisha kiache kipoe chenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Naweza kutumia kikombe cheupe cha kawaida cha dukani?
Hapana. Kinatakiwa kiwe na koti la polima, utando mwembamba kama plastiki, ndilo linalopokea wino. Bila hilo, picha itaondoka na sabuni wiki ya kwanza.

Picha za mechi za usiku Uwanja wa Mkapa, weusi wangu unatoka kahawia. Tatizo wino?
Mara nyingi umekiunguza. Punguza muda kwa sekunde 15, 15 mpaka ukae sawa. Pia ing'arishe picha kidogo kwanza, za usiku hutoka na giza zaidi kwenye kikombe. Na kumbuka printa haina wino mweupe: nyeupe yote unayoiona ni kikombe chenyewe.

Picha nachukua tu mtandaoni, kuna shida?
Ipo. Picha ni ya aliyepiga, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda, na nembo ni mali ya klabu. Kikombe kimoja cha nyumbani ni jambo moja, kuuza ni jingine. Mimi naongea na wapiga picha wa uwanjani, tunakubaliana bei kwa kila picha. Ukiwa na kamera yako, piga jukwaani. Mashabiki wanaolia wanauza kuliko mabao. Nao waombe ruhusa kabla ya kuwaweka sokoni.

Vile vikombe vyeusi vinavyotoa picha ukimimina chai, njia ni hiyohiyo?
Ni hiyohiyo, ila osha kwa mkono na sifongo laini, koti lake linachoka haraka. Kikipoa kinarudi cheusi. Mteja wangu mmoja wa Yanga alimzawadia shemeji yake wa Simba kimoja, ndani yake ile 5-1. Naambiwa shemeji siku hizi anakinywea maji ya baridi tu.