Bolti Iliyogoma Inataka Siku Tatu, Haitaki Bomba

Kila mwaka ikifika wiki ya mwisho ya Novemba, wingu la kwanza likishaonekana, simu yangu haipumziki. "Bwana shamba, bolti ya diski imekatikia ndani." Siku hizi siulizi tena ilikuwaje. Nauliza jambo moja tu: bomba ulilochomeka kwenye mkono wa spana lilikuwa na urefu gani? Jibu ni futi tatu, futi nne. Mwaka juzi mmoja alinijibu kwa fahari kabisa kwamba alichomeka bomba la maji la inchi mbili, refu kuliko yeye, na vijana wawili wakalining'inia. Bolti nne zilikatika kabla ya chai ya saa nne. Mvua ilinyesha Jumamosi ile, majirani wakalima, yeye akawa barabarani anatafuta fundi wa kuchomelea.

Kwa hiyo leo sitawaeleza namna ya kufunga diski wala kuseti plau, hayo mnayajua. Nataka tuongee habari ya bomba.

Spana ilitengenezwa fupi kwa makusudi. Urefu wake ndio kipimo cha nguvu ambayo bolti ya saizi hiyo inaweza kuibeba. Bolti ya milimita 12, yenye alama ya ugumu ya 8.8 kichwani, hukazwa kwa takriban newtoni mita 80, hicho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Spana ya sentimita 25 ukiivuta kwa nguvu ya kunyanyua kilo 35, umeshazifikisha hizo 80 na kuzidi kidogo. Sasa mchukue kijana wa kilo 70 umning'inize mwisho wa bomba la mita moja. Hapo unapata karibu newtoni mita 700, yaani zaidi ya mara nane ya nguvu iliyoifunga. Nati ikiwa imeshikwa na kutu na bolti haina pa kwenda, unadhani kitakachoachia ni nini? Ni shingo ya bolti.

Kutu yenyewe haifanyi kazi kama gundi, inafanya kazi kama kabari. Chuma kinapoliwa, kutu inayotokea huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya kile chuma kilicholiwa. Katikati ya thredi, yaani mifereji ya mzunguko ya bolti na ya nati, hakuna nafasi ya kutosha hata unywele, na kutu ikivimba humo inajibana yenyewe pande zote. Planta, yaani mashine ya kupandia, iliyohifadhiwa na vumbi la mbolea ndiyo mbaya kuliko zote, maana chumvi ya mbolea huvuta unyevu hata wakati wa kiangazi. Nguvu peke yake haiiondoi kabari hiyo. Inaondolewa na mafuta yanayopenya, mtikiso wa nyundo, na muda. Muda ndio mnaoukataa, kwa sababu mnakwenda kwenye plau wakati ardhi imeshalowa. Kazi hii ni ya Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na wewe huna haraka.  Zana iliyolala nje msimu mmoja, au iliyozama kwenye matope misimu mitatu chini ya mwembe, ipe siku tatu kamili, na usinipigie simu siku ya kwanza.

Kabla ya chochote, shusha zana ikae chini. Plau iliyoinuliwa kwa haidroliki ya trekta haifanyiwi kazi chini yake hata dakika moja, weka magogo.

Siku ya kwanza, saa kumi jioni, anza na brashi ya waya. Sugua thredi zilizochomoza nje ya nati mpaka uone chuma king'ae. Usiporidhika hapo usiendelee, kwa sababu uchafu huo nati itakutana nao inapotoka, na ndiyo maana bolti nyingi hulegea nusu mzunguko halafu zikagoma upya. Ukiwa hapo hapo, angalia thredi zinavyopanda. Simamisha bolti kwa macho yako: zikipanda kuelekea kulia ni za kawaida, zikipanda kuelekea kushoto hiyo inafunguliwa kinyume, na wewe ulikuwa unajiandaa kuikaza kwa bomba. Zipo kwenye baadhi ya zana zenye sehemu zinazozunguka, si nyingi, lakini moja inatosha kukuharibia siku.

Mafuta: nusu dizeli, nusu ile oili nyekundu ya pawa steringi. Ukiwa na pesa nunua keni ya dawa ya kutu dukani, ni nzuri zaidi, ila kwa plau nzima utaimaliza kabla hujafika katikati. Oili chafu ya injini ni nzito, inakaa juu kama siagi. Petroli inapenya vizuri lakini ndani ya nusu saa imekwisha kupaa, na unabaki na bolti kavu na hatari ya moto. Tia kijiko kimoja cha chai kwa kila bolti, si zaidi. Wengine wanamwaga nusu lita inaishia mchangani. Nusu kijiko tia upande wa nati, nusu upande wa kichwa, kwa sababu kutu iko pande zote mbili. Kama bolti imelala, zungushia nati kitambaa cha pamba kilicholoweshwa mafuta hayo hayo, kisha kifunge na mfuko wa nailoni ili upepo usikikaushe usiku.

Kisha nyundo. Ya kilo moja, si nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Weka chuma kizito, hata nyundo nyingine, upande mmoja wa nati, halafu gonga upande unaoelekeana nacho mara 15, badilisha pande, gonga upande mwingine mara 15. Gonga kama mtu anayebisha hodi kwa jirani usiku, usigonge kama anayeua nyoka. Unachotaka ni mtikiso unaovunja kutu na kuyaita mafuta ndani. Ukitaka kugonga ncha ya bolti yenyewe, kwanza fungia nati nyingine mpaka iwe sawa na ncha, vinginevyo unaitandaza kama uyoga na nati haitapita hapo milele. Na vaa miwani. Kipande cha kutu hakichagui jicho.

Siku ya pili saa moja asubuhi rudia: mafuta kijiko, nyundo mara 15 kwa 15. Saa kumi na mbili jioni rudia tena. Jaribu la spana ni asubuhi ya siku ya tatu, si kabla. Najua kuna atakayejaribu siku ya kwanza usiku "kuona tu kama imelegea." Wewe ndiye unayeniletea visiki vya bolti.

Siku ya tatu, spana. Tumia ya ringi au soketi yenye pembe sita. Ya mdomo wazi inashika pembe mbili tu na inakula kona. Ile ya kurekebisha mdomo, mnayoiita spana malaya, iache nyumbani kabisa. Halafu kuna jambo ambalo wenye matrekta ya zamani wanalisahau: Massey Ferguson 135 na wenzake wa miaka ya 1960 na 1970 walifungwa kwa inchi, si milimita. Kichwa cha robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, spana ya 19 inaingia kwa kubana na inafaa. Cha inchi 15/16 ni milimita 23.8, ya 24 inafaa. Lakini kichwa cha inchi 9/16 ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza. Mnachukua ya 15, mnaichomeka bomba, kichwa kinakuwa mviringo kama goroli, halafu mnasema bolti ni mbovu. Nunua spana ya 9/16, au azima.

Usianze kwa kulegeza. Anza kwa kuikaza kidogo sana, unene wa ukucha, ili kutu ipasuke. Kisha legeza kwa mkono, ukiivuta spana kuja kwako, bila bomba. Ikisogea sehemu ya nane ya mzunguko, irudishe, tia tone la mafuta, endelea tena. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Ukisikia inalia mlio mkavu, simama, rudisha, mafuta, subiri dakika kumi.

Na sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo bolti zinapookolewa au kufa. Bolti inayoachia inatoa mshituko mmoja mkali, "ka!", halafu inaendelea kwa ugumu ule ule. Bolti inayokatika haitoi mshituko. Inazunguka taratibu, laini, kama unasonga ugali ambao haujaiva, na ukiachia spana inarudi nyuma kidogo yenyewe. Kulainika huko si ushindi, ni chuma kinajisokota shingoni. Achia papo hapo. Ukiongeza robo tu umeikata.

Kama baada ya siku tatu bado imegoma, ndipo tunazungumza habari ya moto. Pasha nati, si bolti. Nati ya milimita 20 ikipashwa mpaka joto lizidi nyuzi 300 juu ya la kawaida, tundu lake linapanuka takriban sehemu saba za mia za milimita. Haifiki unene wa karatasi ya daftari, lakini inatosha kuivunja kabari. Haina haja ya kuwa nyekundu. Ukiona rangi nyekundu umeshaharibu ugumu wa bolti, itupe hata ikitoka. Iache ipoe kidogo, gusisha mshumaa kwenye mpaka wa nati na bolti, nta itayeyuka na kuvutwa ndani, kisha fungua ingali na moto. Futa mafuta yote kwanza, na uwe na ndoo ya mchanga pembeni. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye beringi na sili usiipashe, utakuja kununua beringi.

Nati za magurudumu zisipashwe moto kabisa tairi ikiwa kwenye rimu. Hata iliyotolewa upepo. Mpira unaopashwa kutoka ndani ya rimu hutoa gesi, na tairi la trekta likipasuka linaua mtu aliyesimama mita kadhaa mbali. Hapa sina utani na sihitaji kuulizwa mara mbili.

Mara nyingi lakini moto hauhitajiki, panahitajika akili ya hesabu. Ikiwa bolti imepita tundu na ina nati upande wa pili, kama zile za ncha za plau zenye kichwa kilicholala na shingo ya mraba, usihangaike nayo. Shingo ya mraba ikishaliwa, bolti itazunguka pamoja na nati mpaka kesho. Chukua grainda, kata nati ubavu mmoja sambamba na bolti ukiishia karibu na thredi, ipasue kwa patasi, weka bolti mpya. Bolti ni bei rahisi. Ila ikiwa imeingia kwenye chuma cha kumimina, kama bodi ya giaboksi, hapo ndipo uvumilivu wote, maana kinachopasuka hakipatikani dukani.

Na kama umeshaikata? Kisiki kikiwa kimechomoza, fundi aweke nati juu yake aichomelee kwa ndani. Joto la kuchomelea nalo husaidia kukilegeza. Ondoa waya wa betri ya trekta kwanza, na kibanio cha waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea kifungwe karibu na kisiki, umeme usipite kwenye beringi. Kikikatika chini ya uso, kipigwe alama katikati kabisa, kitobolewe tundu lisilozidi nusu ya unene wa bolti. Alama ikienda pembeni milimita mbili, umeongeza gharama. Hiyo si kazi ya jioni na tochi ya simu mdomoni.

Bolti ikitoka ikizunguka kwa vidole, umefaulu.

Wakati wa kufunga, paka thredi grisi, isipokuwa nati za magurudumu, hizo zifungwe kavu na safi. Yenye grisi inateleza, kwa hiyo usiikaze kwa nguvu ile ile ya kavu. Rudisha bolti ya daraja lile lile lililoandikwa kichwani. Na ile bolti laini iliyowekwa ikatike jembe likigonga kisiki cha mti, usiibadilishe kwa ngumu. Lima saa moja, simamisha trekta, pitia nati zote tena kwa spana fupi.