Kuwekeza kwenye mvinyo ukiwa Iringa: anza kwa kuuliza chupa zitalala wapi

Huku Nyanda za Juu Kusini mtu akitaka kuiweka pesa mbali na mikono yake hununua miti. Anatafuta eka chache za misindano Mufindi au Kilolo, anapalilia, anasafisha njia za moto kabla ya kiangazi kukolea, halafu anasubiri. Ndiyo maana ninapomweleza mtu wa hapa habari za mvinyo kama akiba, sianzii Ufaransa. Naanzia kwenye shamba la miti, kwa sababu sehemu ngumu tayari anaijua: ni mali isiyokupa kodi ya pango wala gawio, inakua kimya kimya, na usipoilinda inaweza kuondoka yote kwa siku moja.

Mimi nauza mvinyo. Kazi yangu ya kila wiki ni kupeleka katoni kwenye hoteli za mjini Iringa na kambi za watalii za upande wa Ruaha, na pembeni nina makasha yangu machache niliyonunua ili yazeeke. Siku moja mzee mmoja wa Kilolo, mwenye miti yake, alikuja dukani kuuliza habari hizo. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikaanza kumtajia bei. Akaniinulia mkono. "Mwanangu, bei utaniambia baadaye. Hizo chupa zimelala wapi, na nani anajua kwamba ni zako?"

Tangu siku ile kila anayeniuliza namwelekeza kwenye maswali hayo mawili kwanza.

Hatua ya 1: Tenga pesa usiyoihitaji kwa miaka 8 hadi 10

Pesa ya ada, ya mbolea au ya kumalizia nyumba isiingie huku. Mvinyo hauuziki siku unayoumwa. Na bei zake hushuka, tena hushuka kwa muda mrefu. Bei za mvinyo wa Bordeaux, eneo maarufu la mvinyo Ufaransa, zilipaa sana hadi mwaka 2011 kwa sababu ya wanunuzi wa China, kisha zikaanguka na kubaki chini kwa miaka kadhaa. Zikapanda tena baadaye, na kuanzia mwishoni mwa 2022 zikaporomoka, zikaendelea kushuka mwaka 2023 na 2024. Aliyekuwa na haraka kipindi hicho aliuza kwa hasara. Mtu akikuahidi asilimia fulani kila mwaka bila kukosa, achana naye.

Hatua ya 2: Tofautisha wa kunywa na wa kuweka

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, sote tunaujua. Ukigemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu, laini. Jioni umeshachangamka, na ukiuacha siku mbili tatu haumfai tena kila mtu. Ulanzi haumsubiri mtu, na huo ndio uzuri wake.

Sehemu kubwa ya mvinyo wa dunia iko karibu na ulanzi kuliko watu wanavyodhani. Imetengenezwa inywewe ndani ya miaka michache, na ukiiweka miaka kumi unapata kimiminika kilichochoka. Naweka humo hata mvinyo wetu wa Dodoma, ambao naupenda na ninauuza kwa moyo wote. Zabibu ya Makutupora inavunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake una ladha ya kwetu. Nunua, kunywa, mpe mgeni. Lakini hauna soko la pili: baada ya miaka kumi hakuna mnada utakaoigombea chupa yako.

Mvinyo wa kuweka lazima uwe na mambo mawili. Kwanza mwilini mwake uwe na kinachoubeba miaka mingi, yaani tanini (ule ukakasi unaokausha ulimi), ukali wa asidi, au sukari kwa ile mitamu. Pili kuwe na watu wengi duniani wanaoutafuta. Kwa anayeanza nashauri Bordeaux nyekundu. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho ya Paris chini ya Napoleon III, mashamba ya huko yalipangwa kwa madaraja, na orodha ile inatumika hadi leo. Daraja la kwanza liliwekwa Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion, na Mouton Rothschild ikapandishwa mwaka 1973. Huna haja ya kukimbilia hizo tano. Madaraja ya chini yake yana mvinyo mzuri sana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na kwa kuwa makasha ni mengi, bei zake zinajulikana wazi. Burgundy, eneo jingine la Ufaransa, ni tofauti: mashamba madogo, chupa chache, bei za kutisha, na wadanganyifu wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Angalia mwaka wa mavuno. Kwa Bordeaux, 2005, 2009, 2010 na 2016 ni miaka inayosifiwa na karibu kila mtu. 2013 ulikuwa mgumu, uache.

Utasikia pia habari ya kununua mvinyo ungali kwenye mapipa. Unalipa majira ya machipuko baada ya mavuno, chupa unazipata baada ya miaka 2 hivi. Sikushauri uanzie hapo. Zamani faida yake ilikuwa bei ya chini, lakini kwa mavuno kadhaa ya miaka ya karibuni waliosubiri chupa ziingie sokoni walizipata kwa bei ileile au pungufu. Nunua kitu kilichokwisha kuwa ndani ya chupa.

Hatua ya 3: Amua zitalala wapi, kabla ya kununua

Hapa ndipo watu wa Iringa, Mbeya na Njombe tunapojidanganya. Tunasema huku ni baridi, stoo inatosha. Nami nilisema hivyo.

Nilinunua chupa sita za Bordeaux ya 2005 kutoka hoteli moja iliyokuwa ikifunga stoo yake. Nikazisimamisha kwenye rafu, chumba cha nyuma, chini ya bati. Baada ya miaka mitatu dalali mmoja akataka picha: lebo, shingo ya chupa dhidi ya mwanga, na kizibo. Nilipomulika tochi nyuma ya shingo ndipo nikaona. Kwenye chupa mbili mvinyo ulikuwa umeshuka hadi begani mwa chupa. Kwenye moja, kizibo kilikuwa kimesukuma kofia ya bati juu kidogo, ukigusa kwa kidole kuna unato mkavu kama juisi iliyomwagika mezani. Dalali alijibu kwa neno moja: hapana. Tukafungua ile mbovu zaidi: ilinuka siki na tunda lililopikwa.

Baadaye nikanunua kipimajoto nikakiweka kwenye rafu ileile mwezi wa saba. Alfajiri kilisoma 12. Saa tisa alasiri, bati likiwa limeshika jua, kilisoma 23. Tatizo ni huko kupanda na kushuka. Joto likipanda mvinyo unatanuka na kukisukuma kizibo, likishuka unasinyaa na kuvuta hewa ndani, na hayo yanatokea kila siku. Chupa inataka nyuzi 12 hadi 14 zisizobadilika, unyevu wa hewa karibu asilimia 70, giza, utulivu, na ilazwe ili mvinyo uguse kizibo kisikauke. Zangu nilikuwa nimezisimamisha. Kiangazi cha kwetu, hewa ikiwa kavu hadi midomo inapasuka, vizibo navyo vinakauka.

Unaweza kujenga chumba cha ardhini chenye kuta nene, na kwa chupa za kunywa na familia ni jambo zuri. Lakini kwa chupa za kuuza, zilaze kwenye ghala la forodha la mvinyo nje ya nchi, hasa Uingereza, ambako soko lipo. Ghala la aina hiyo linashika joto lilelile mwaka mzima, lina bima, na ushuru na VAT ya huko hazilipwi mpaka kasha litoke. Mojawapo liko Corsham, huko Uingereza, ndani ya machimbo ya zamani ya mawe chini ya ardhi. Gharama mara nyingi ni kama pauni 10 hadi 20 kwa mwaka kwa kasha la chupa 12.

Ukizileta Tanzania umeingia kwenye biashara nyingine kabisa: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, stempu za kielektroniki za TRA, na ukitaka kuuza, leseni ya vileo ya halmashauri. Tena mnunuzi wa London ataona kasha limesafiri, atapunguza bei au atakataa.

Hatua ya 4: Karatasi

Swali la pili la mzee wa Kilolo. Ukinunua shamba la miti unazunguka mipaka na majirani, mnaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mnaandikishiana mbele ya mashahidi. Mvinyo unadai hivyo hivyo.

Mwaka 2008 kwenye mnada mmoja New York ziliwekwa chupa za Clos Saint-Denis za shamba la Ponsot, Burgundy, zikiwa na lebo za mavuno ya kuanzia 1945. Laurent Ponsot, mwenye shamba, akasafiri hadi pale kuzuia zisiuzwe. Familia yake ilianza kutoa mvinyo huo miaka ya 1980, kwa hiyo chupa ya 1945 haikuweza kuwepo. Aliyezileta mnadani, Rudy Kurniawan, alikamatwa mwaka 2012, na nyumbani kwake wapelelezi wakakuta lebo, vizibo na vifaa vya kuzibia. Mwaka 2014 alihukumiwa miaka 10 jela. Matajiri wenye wataalamu wao walikuwa wamenunua kwake kwa miaka.

Wewe na mimi hatuna wataalamu, tuna karatasi. Kabla ya kulipa, dai ankara zinazoonyesha kasha limetoka wapi hadi lilipo, ikiwezekana tangu shambani. Chagua kasha la mbao la asili ambalo halijafunguliwa. Dai picha za kasha lenyewe, si picha za mtandaoni.

Kisha, na hili usilikubali kwa maneno, ghala lenyewe likuandikie kwamba kasha namba fulani liko kwenye akaunti yenye jina lako. Jina lako, si la kampuni iliyokuuzia. Duka la Premier Cru la Berkeley, California, lilikuwa likichukua pesa za wateja kwa mvinyo ambao halikuwa nao. Lilipofilisika mwaka 2016, waliokuwa na risiti tu walibaki na risiti.

Hatua ya 5: Piga hesabu kwa kalamu

Tuseme kasha ni pauni 1,200. Ghala kwa pauni 15 kwa miaka 8 ni 120. Umetoa 1,320. Siku ya kuuza dalali au mnada unakata, tuseme, asilimia 10. Ili 1,320 irudi mkononi lazima kasha liuzwe karibu 1,467. Yaani bei ipande asilimia 22 ndipo usipate hasara, na bado hujaweka makato ya benki ya kutuma na kupokea, wala tofauti ya shilingi na pauni. Kasha la bei ndogo gharama hizi zinalila lote, ndiyo maana nasema afadhali kasha moja zuri kuliko matatu ya hivi hivi.

Nenda benki yako mapema uulize taratibu za kupeleka pesa ya uwekezaji nje. Usitumie njia za pembeni, kwa sababu siku pesa inarudi utaulizwa ilitokaje.

Hatua ya 6: Kuuza

Fuatilia bei mara moja au mbili kwa mwaka, inatosha. London kuna soko la wafanyabiashara wa mvinyo, Liv-ex, lililoanza mwaka 2000, na bei zake ndizo wengi wanazozitazama. Wewe mtu binafsi utauza kupitia dalali au mnada. Angalia bei ambazo makasha yaliuzwa kweli, achana na bei zinazoombwa na wauzaji.

Uza mvinyo ukiwa bado na miaka ya kunyweka mbele yake. Ukichelewa, mnunuzi anaogopa kwamba mvinyo utamfia mikononi.

Mkikubaliana bei, utaombwa kuthibitisha hali ya kasha. Ghala linapiga picha kwa ada ndogo. Kisha unasaini maelekezo, ghala linafuta jina lako na kuandika la mnunuzi. Kasha lenyewe halisogei hata hatua moja, linabaki kwenye rafu ileile gizani. Pesa inaweza kuchukua wiki kadhaa kufika benki Iringa, kwa hiyo usiahidi mtu kitu kwa tarehe.