SOMO: Kuifanya swapu ikue na kupungua yenyewe kwenye kompyuta yenye RAM ndogo

Wakuu, habari za jioni.

Nina stationari ndogo Nyegezi, hapa Mwanza. Kompyuta zangu tatu ni za mitumba, kila moja ina RAM ya GB 2, na zote zinatumia Linux. Msimu wa maombi ya vyuo, kijana mmoja aliketi karibu saa nzima akijaza fomu. Alipofungua ukurasa mwingine apakie cheti, kivinjari kilijifunga ghafla, fomu yote ikapotea. Alikuwa amevuka kwa kivuko cha Kamanga asubuhi hiyo na alitaka kurudi Sengerema siku hiyohiyo. Iliniuma sana, na usiku ule sikulala mpaka nikajua sababu.

Sababu niliipata kwa amri hii:

sudo dmesg | grep -i "out of memory"

RAM ilijaa, swapu (sehemu ya diski inayoisaidia RAM ikijaa) haikuwepo, na kerneli, yaani kiini cha Linux, ikaua programu iliyokuwa inakula kumbukumbu nyingi kuliko zote. Mara nyingi huwa ni kivinjari.

Aliyekulia Igombe au mwalo wowote wa dagaa atanielewa upesi. Chanja ya kuanikia dagaa ndiyo RAM: kazi inafanyika pale juu, juani. Stoo ndiyo diski. Boti ikileta mzigo mpya na chanja zimejaa, waliokauka wanaingizwa stoo ili wabichi wapate nafasi. Kerneli hufanya hivyo kwa vipande vidogo viitwavyo kurasa, kwa kawaida kilobaiti 4 kila kimoja. Ukurasa ambao haujaguswa muda mrefu unapelekwa diski, na programu yenyewe haijui kama umehamishwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu pepe, na si jambo jipya: kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester ilikuwa nayo mwaka 1962. Tofauti na dagaa ni kwamba ukurasa ukihitajika tena lazima urudi juu ya chanja. Zikianza kwenda na kurudi bila kupumzika, watu wote wanabeba magunia na hakuna anayeanika. Mashine inaganda, taa ya diski inawaka tu.

HATUA YA 1: Pima kwanza

free -h
vmstat 1

Amri ya kwanza inaonyesha RAM na swapu iliyopo. Ya pili iache iende dakika chache wakati kazi imepamba moto, ukiangalia safu za si na so: ya kwanza ni kinachorudi kutoka swapu, ya pili ni kinachokwenda swapu. Mstari wa kwanza kabisa upuuze, ni wastani tangu mashine iwashwe. Swapu kuwa na mzigo si ugonjwa, ikiwa safu za si na so ziko sifuri muda mwingi. Zikibaki juu mfululizo, unahitaji RAM, na hakuna mpangilio utakaokuokoa. Nasema hili mapema kwa sababu watu wanapoteza siku nzima kurekebisha swapu kwenye mashine ambayo dawa yake ni kuongezewa RAM.

HATUA YA 2: Weka swapu ndogo ya kudumu

sudo fallocate -l 1G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Usiruke mstari wa chmod. Ndani ya swapu huingia chochote kilichokuwa kwenye RAM, yakiwemo maneno ya siri ya wateja, kwa hiyo asiwe na ruhusa ya kuifungua mtu mwingine. Kisha ongeza mstari huu mwishoni mwa /etc/fstab ili swapu irudi kila mashine inapowashwa:

/swapfile none swap sw 0 0

HATUA YA 3: Iache ijipime

Wengi huishia hatua ya 2, na wengine hutenga GB 8 za swapu kwenye diski ya GB 120 ili wawe salama. Mimi naona ni hasara. Siku nyingi dukani swapu haifiki hata nusu GB, halafu inakuja wiki moja ya maombi ambapo kila kitu kinajaa. Debian na Ubuntu zina programu iitwayo swapspace inayoshughulikia hali hiyohiyo:

sudo apt install swapspace
systemctl status swapspace

Inakaa kimya ikiangalia kumbukumbu iliyo wazi, RAM na swapu kwa pamoja. Ikishuka chini ya asilimia 20 inaunda faili jipya la swapu ndani ya /var/lib/swapspace. Ikizidi asilimia 60 inafuta faili na kukurudishia diski. Viwango hivyo viko kwenye /etc/swapspace.conf kwa majina lower_freelimit na upper_freelimit. Mimi nimepandisha cha chini:

lower_freelimit=30

Sababu ni kwamba kuunda faili kunachukua muda, na kivinjari kinaweza kumeza MB mia kadhaa kwa sekunde chache. Nataka nafasi iwe tayari kabla ya dhiki. Hiyo GB 1 ya hatua ya 2 ndiyo inayobeba mzigo wakati faili jipya linaandaliwa, kwa hiyo usiifute. Ukimaliza kuhariri:

sudo systemctl restart swapspace
swapon --show

HATUA YA 4: Swappiness

Hii ni namba inayoiambia kerneli ikimbilie swapu kwa kiasi gani. Kawaida ni 60. Kwenye diski ya kuzunguka mimi naweka 20 ili kerneli isikimbilie diski mapema:

sudo sysctl vm.swappiness=20

Ili ibaki, andika vm.swappiness=20 kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/, jina lake liishie na .conf.

MASWALI YA WANACHAMA

Mvuvi wa Nansio: Shikamoo mwalimu. Huku Ukerewe umeme ukikatika ghafla, kilichokuwa kwenye swapu nitakipata?

Marahaba mdogo wangu. Hapana. Mashine ikiwaka upya, yaliyomo kwenye swapu hayatumiki tena. Hifadhi kazi mara kwa mara, na ukiweza tafuta UPS (betri ya akiba ya kompyuta).

Dada wa Igoma: Kaka, natumia Windows. Nami nifuate hatua hizi?

Huna haja, dada. Windows ina faili la pagefile.sys, na ukiliacha lisimamiwe na mfumo linakua lenyewe. Hakikisha tu diski C haijajaa, maana likikosa nafasi haliwezi kukua.

Fundi Buzuruga: Mkuu, SSD (diski isiyozunguka) haitaharibika kwa kuandikwa sana?

Kila kuandika kunaila kidogo. Swapu inayoguswa mara mojamoja haina madhara ya kutisha. Ukiona so iko juu kutwa nzima, hapo unaila kweli. Jaribu zram: inabana kurasa na kuziacha ndani ya RAM yenyewe, diski haiguswi. Prosesa inapata kazi ya ziada, lakini bado ni haraka kuliko diski.

Mvuvi wa Nansio: Na laptopu ninayoilaza kwa hibernate (inazimika huku yaliyo kwenye RAM yakihifadhiwa kwenye swapu)?

Hapo usitegemee faili za swapspace, zinakuja na kuondoka. Tenga swapu ya kudumu yenye ukubwa usiopungua RAM yako.

Dada wa Igoma: Kijana wa fomu aliishia wapi?

Nilikaa naye tukajaza upya kwenye laptopu yangu, bila malipo. Aliituma, akakiwahi kivuko.