Kabla ya Kuomba Ruzuku ya Utafiti wa Tiba kwa Ushirikiano: Mambo ya Kuzingatia

Andiko zuri la mradi linaweza kuenguliwa kabla mtaalamu yeyote hajalisoma, kwa sababu tu karatasi za taasisi moja kati ya zinazoshirikiana hazijakamilika. Anayeomba peke yake anategemea ofisi moja ya ruzuku, mhasibu mmoja na kamati moja ya maadili. Mkiwa taasisi nne, kila kitu ni mara nne, na ombi zima linakwenda kwa mwendo wa taasisi iliyo nyuma kuliko zote. Kwa hiyo jipeni miezi minne hadi sita kabla ya siku ya mwisho, hata kama tangazo la ufadhili bado halijatoka.

Swali la kwanza ni nani anaruhusiwa kuomba. Kwa miradi ya ushirikiano, Horizon Europe, programu ya Umoja wa Ulaya ya kufadhili utafiti, kwa kawaida inataka angalau taasisi tatu zinazojitegemea kutoka nchi tatu tofauti: moja lazima iwe katika nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na nyingine mbili ziwe katika nchi wanachama au nchi zilizohusishwa rasmi na programu hiyo. Taasisi kutoka kwingineko zinakuja juu ya hizo tatu, hazihesabiwi badala yake. Human Frontier Science Program, mfuko wa kimataifa wa utafiti wa sayansi ya viumbe hai, inafadhili timu ndogo za maabara zilizo nchi mbalimbali, nayo inaanza na barua ya nia. Ni wanaoalikwa baada ya barua hiyo tu wanaoandika ombi kamili. Kwa upande wa NIH, taasisi za serikali ya Marekani zinazofadhili utafiti wa afya, someni masharti mapya kwa makini. Mei 2025 ilitangaza kuachana na utaratibu wa zamani ambapo taasisi ya nje ya Marekani ilipokea fedha kupitia ruzuku ya mshirika mkuu, na kuelekea muundo ambao fedha za mshirika wa nje zinatolewa na kufuatiliwa kwa tuzo yake mwenyewe. Andiko lililofaulu miaka mitatu iliyopita linafaa kuwafundisha uandishi, lakini msinakili muundo wake wa bajeti.

Usajili ndio unaokwamisha wengi, na haununuliki dakika za mwisho. Kwa Horizon Europe kila mshirika anahitaji namba ya utambulisho yenye tarakimu tisa, iitwayo PIC. Kwa NIH, taasisi iliyo nje ya Marekani inapata kwanza namba ya NCAGE (utambulisho wa taasisi za nje ya Marekani), kisha inajisajili SAM.gov, sajili ya serikali ya Marekani, na kupata namba ya utambulisho ya UEI yenye herufi na tarakimu 12, halafu inajisajili Grants.gov, tovuti ya kutumia maombi, na eRA Commons, mfumo wa NIH wa kufuatilia maombi. Tengeni wiki sita au zaidi. Kosa la kawaida kabisa ni jina au anwani kuandikwa tofauti: hatua moja ina “Chuo Kikuu cha”, nyingine ina kifupi chake, na mfumo unakataa kuzioanisha. Andikeni jina la kisheria na anwani kwenye karatasi moja, kila mtu anakili kutoka hapo, herufi kwa herufi. Kumbukeni pia kuwa usajili wa SAM.gov unahuishwa kila mwaka; uliotumika mwaka jana huenda umekwisha muda.

Bajeti ikusanywe mapema, kila mshirika kwa jedwali lilelile, sarafu ileile na kiwango kimoja cha kubadilisha fedha mlichokubaliana. Gharama za uendeshaji wa taasisi ndizo zinazozua ugomvi. Horizon Europe inalipa asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, lakini kazi waliyopewa wakandarasi haihesabiwi. Mshirika mwenye gharama za moja kwa moja za euro 400,000, ambazo 80,000 kati yake ni za mkandarasi, anapata asilimia 25 ya 320,000, yaani euro 80,000. Akipiga hesabu kwa kiasi chote ataandika 100,000, na pengo la euro 20,000 litamwangukia baadaye, mishahara ikiwa imeshaahidiwa. NIH kwa taasisi za nje ya Marekani inaishia asilimia 8. Uongozi wa chuo ujue kiwango hicho na ukikubali kwa maandishi kabla hamjaanza kuandika.

Halafu kuna sampuli, ambazo maombi mengi yanazitaja kwa sentensi moja. Chukueni mirija 200 ya plasma iliyogandishwa inayotoka maabara moja kwenda nchi nyingine. Inahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na taasisi zote mbili, kibali cha kutoa na cha kuingiza pale sheria inapotaka, na fomu ya ridhaa inayosema wazi kwamba sampuli ya mshiriki inaweza kupelekwa nje. Fomu ikinyamaza juu ya hilo, mirija inabaki kwenye friza. Sampuli za kundi B (za kibiolojia zenye hatari ndogo ya maambukizi kuliko za kundi A) zinafungwa kwa tabaka tatu chini ya alama ya UN3373, na barafu kavu ina alama yake, UN1845. Sanduku la barafu kavu lisizibwe kabisa: gesi inayotoka isipopata njia, litapasuka. Msafirishaji, barafu ya kuongezea njiani na kifaa cha kurekodi joto viwe na mistari yao kwenye bajeti. Kwa vimelea au mimea, angalieni pia Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, na sheria za nchi inakotoka sampuli.

Ridhaa hiyohiyo ndiyo inayoamua kama data itashirikishwa. Tangu 25 Januari 2023 NIH inadai mpango wa kutunza na kushirikisha data kwa tafiti inazofadhili zinazozalisha data za kisayansi. Msiahidi kuweka data kwenye hifadhi iliyo wazi kwa kila mtu, ambayo washiriki hawakuikubali.

Itifaki ya utafiti iwe moja yenye namba ya toleo. Kamati moja ya maadili ikidai badiliko, toleo jipya lirudi kwa kamati zote. Vinginevyo mtajikuta na tafiti mbili zenye jina moja.

Kuhusu kutuma: Horizon Europe inafunga saa 11 jioni kwa saa za Brussels, NIH saa 11 jioni kwa saa za mahali ilipo taasisi inayoomba. Kwa NIH, mkituma mapema mna siku mbili za kazi za kulitazama ombi kama lilivyoingia na kurekebisha kasoro, ilimradi rekebisho liingie kabla ya muda kwisha. Mkituma saa 10 na nusu siku yenyewe, nafasi hiyo hamnayo.